Nguzo Imesimama Juu ya Nini?

Sisi wa Bumbire hatuna daraja. Tunavuka kwa mtumbwi na boti, na ziwa letu halina kujaa na kupwa kama bahari. Utaniuliza basi, ndugu msomaji, nguzo za madaraja zinanihusu nini? Zinanihusu. Tangu MV Bukoba izame tarehe 21 Mei 1996, watu wa Kagera tunajua hatari huweza kujificha chini ya maji huku juu kumetulia tu.

Mwaka 1931 Mombasa walipata daraja la Nyali lililoelea, likapanda na kushuka pamoja na maji. Mwaka 1980 likaja la zege, lenye miguu ndani ya maji. Dar es Salaam wakafuata: Kigamboni mwaka 2016, Tanzanite mwaka 2022. Daraja likishaweka mguu baharini, lazima mtu auangalie mguu huo.

Kwa nini? Mkondo ukigonga nguzo, maji huteremka, hujizungusha na kuchimba mchanga. Baharini maji huingia na kutoka, basi nguzo huchimbwa huku na huku, na wakati wa bamvua mkondo huwa mkali zaidi. Ukilegea, shimo hujifukia kwa mchanga mwepesi usioweza kubeba kitu. Kumbe mpimaji anayeshusha bildi maji yakiwa shwari anaweza kuona sakafu nzima, akarudi nyumbani ameridhika! Ndiyo maana siku hizi hufungwa vyombo kwenye nguzo yenyewe, vikatuma sauti chini na kupima kina mchana na usiku.

Msidhani ni hadithi. Tarehe 5 Aprili 1987, huko New York, mafuriko yalichimba msingi wa daraja la Schoharie Creek. Daraja likaanguka, watu 10 wakafa.

Kwetu je? Kina cha ziwa hupimwa tangu 1896. Kwa sababu hiyo tunajua lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na mwaka 2020 likafurika tena. Mtu alisoma kipimo, akaandika. Sasa ziwa lina daraja la Kigongo–Busisi, kilometa 3, lililofunguliwa Juni 2025. Sakafu yake nayo ipimwe na kuandikwa tangu sasa, nguzo zikiwa bado mpya. Bila kipimo cha leo, mjukuu wetu atajuaje kama mchanga umepungua?