Ukadiriaji wa umri wa mimba
Ukadiriaji wa umri wa mimba ni kazi ya kubaini mimba imefikisha wiki ngapi na mama atarajie kujifungua lini; katika kliniki za wajawazito mkoani Tabora, kama kwingineko nchini Tanzania, njia zake hutoa majibu yasiyolingana, kwa kuwa kila moja hupima kitu tofauti. Kanuni ya Naegele, daktari Mjerumani wa karne ya 19, huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kuongeza miezi 9 na siku 7, hivyo hedhi iliyoanza Machi 10 huleta tarehe ya Desemba 17, ilhali siku 280 zikihesabiwa mojamoja huishia Desemba 15. Anayehesabu miezi tisa kwa mwezi mwandamo, kalenda iliyoota mizizi Tabora pamoja na Uislamu wa enzi za misafara ya biashara, hupata takriban siku 266 tu, yaani Desemba 1. Mkunga naye hupima kwa utepe kimo cha mfuko wa uzazi kuanzia mfupa wa kinena, ambapo sentimita 28 huchukuliwa kuwa wiki 28 hivi. Lakini mapacha hukiongeza kimo hicho, na malaria, ambayo huweza kudumaza mtoto tumboni, hukipunguza. Ultrasaundi, yaani picha ya mawimbi ya sauti, huaminika zaidi ikifanyika kabla ya wiki ya 14, inapokosea kwa takriban wiki moja. Baada ya wiki ya 28 huweza kukosea hata kwa wiki tatu, maana watoto hawakui kwa kasi moja. Ndiyo maana tarehe ya picha ya mapema haifutwi kwenye kadi ya kliniki kwa ajili ya picha ya mwezi wa nane wa mimba.