Hattie McDaniel na Nafasi Aliyopewa

Karibu kila kijana hapa kambini anamjua Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Mexico wakati wazazi wake wakiishi huko mbali na nyumbani. Mwaka 2014 alipata Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa kuigiza mtumwa katika filamu ya 12 Years a Slave. Lakini uliza ni nani mwanamke Mweusi wa kwanza kuichukua tuzo hiyo, wengi wananyamaza. Ni Hattie McDaniel, mwaka 1940, miaka 74 kabla ya Lupita. Nataka nieleze alifikaje pale, alipewa nini na alinyimwa nini, kwa sababu ugomvi uliomfuata maisha yake yote ni ugomvi ambao hata sisi tunao, ingawa hatuna Hollywood.

Hattie alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, katika miaka ya 1890, mtoto wa mwisho kati ya watoto 13. Baba yake Henry na mama yake Susan walizaliwa utumwani. Henry alipigana upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akatoka na majeraha, halafu akahangaika miaka na miaka kutafuta pensheni yake ya askari. Wanaojua kuzunguka na karatasi kutoka ofisi hii hadi ile wataelewa. Familia ilihamia Colorado, mwishowe ikakaa Denver. Mama alikuwa akifanya kazi za ndani kwa watu. Yaani ile kazi ambayo Hattie angekuja kuiigiza kwenye sinema, aliijua tangu nyumbani.

Shuleni alipenda kuimba na kughani mashairi. Akaingia kwenye maonyesho pamoja na kaka yake Otis, na mwaka 1914 yeye na dada yake Etta wakaanzisha kikundi chao cha wanawake watupu. Maonyesho ya aina hiyo yalianzishwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwacheka watu Weusi. Weusi nao walipotaka kupanda jukwaani, mara nyingi hakukuwa na jukwaa lingine ila hilohilo. Hattie alilitumia kuchekesha watu wake mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 aliimba kwenye redio huko Denver, akawa mmoja wa wanawake Weusi wa kwanza kusikika redioni Marekani.

Halafu ikaja 1929. Uchumi wa Marekani ukaanguka, na kazi za jukwaani zikakatika. Hattie alijikuta Milwaukee, kwenye klabu moja ya usiku, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kuhudumia wateja chooni. Mwimbaji wa redio anashika taulo! Siku moja wakamruhusu aimbe, na watu wakampenda, akabaki kuwa mwimbaji wa pale.

Mwaka 1931 akaenda Los Angeles, ambako kaka yake Sam na dada zake walikuwa wameshatangulia. Huko alikuwa na kipindi redioni lakini kilimlipa kidogo sana, hivyo mchana aliendelea kupika na kusafisha nyumba za watu. Kuanzia 1932 akaanza kuonekana kwenye filamu, mara nyingi bila hata jina lake kuandikwa. Mwaka 1934 aliimba na Will Rogers katika Judge Priest. Mwaka uliofuata alicheza Alice Adams pamoja na Katharine Hepburn, na mwaka 1936 alikuwa katika Show Boat pamoja na Paul Robeson. Na karibu kila mara alikuwa nani? Hausigeli, mpishi au yaya.

Hapa tusimame kidogo, maana wengine wanadhani aliipenda nafasi hiyo. Hollywood ilikuwa na kanuni zake, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, na moja ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Mweusi na Mzungu. Nyota wote wakubwa walikuwa Wazungu, basi mwanamke Mweusi hangeweza kuwa mpenzi wala mke wa nyota. Tena kampuni za filamu ziliogopa wenye majumba ya sinema wa majimbo ya Kusini, ambao hawakutaka kuona Mweusi aliye sawa na Mzungu. Ukitoa hayo yote, kinachobaki ni jikoni. Hattie hakuchagua kati ya daktari na mtumishi. Alichagua kati ya kuigiza mtumishi na kurudi kuwa mtumishi.

Mwaka 1939 ilitoka Gone with the Wind, filamu kutoka riwaya ya Margaret Mitchell kuhusu Kusini wakati wa vita na utumwa. Hattie aliigiza Mammy, mtumwa anayemlea Scarlett. Ukiiangalia utaona kitu cha ajabu: Mammy anamgombeza bibi yake, anamkazia macho, anajua siri zote za nyumba. Hattie alimpa akili na heshima ambazo hadithi yenyewe haikuwapa watumwa. Lakini ndo filamu hiyohiyo inayoonyesha utumwa kama maisha matamu ya shambani. Magazeti ya Weusi yaliilalamikia, na malalamiko yalisaidia tusi moja la kibaguzi kuondolewa kwenye maneno ya waigizaji kabla ya kurekodi.

Filamu ilizinduliwa Atlanta, tarehe 15 Desemba 1939. Atlanta ilikuwa na sheria za ubaguzi, kwa hiyo Hattie hakuhudhuria uzinduzi wa filamu yake mwenyewe. Kwenye sherehe ya usiku uliotangulia, kwaya ya kanisa la Weusi iliimbia wageni Wazungu ikiwa imevalishwa kama watumwa, na mmoja wa watoto wa kwaya ile alikuwa na miaka 10, jina lake Martin Luther King. Ndiyo, huyohuyo.

Tarehe 29 Februari 1940 tuzo zilitolewa katika Hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli ile haikupokea watu Weusi. Mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, ilibidi aombe Hattie aruhusiwe kuingia. Wenzake walikaa pamoja meza kubwa, yeye akawekwa meza ndogo pembeni na aliyemsindikiza na wakala wake. Jina lake likaitwa. Akatembea kutoka pembeni mpaka mbele, akashukuru, akasema anatumaini atakuwa sifa njema kwa watu wake na kwa kazi ya filamu. Akalia, akarudi kwenye meza yake ya pembeni.

Mngetegemea baada ya pale milango ifunguke. Haikufunguka. Aliendelea kupewa aproni. Na sasa lawama zikaongezeka kutoka kwa Weusi wenzake. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alikwenda Hollywood mwaka 1942 kuwadai wakubwa wa filamu nafasi bora zaidi. Dai lake lilikuwa la haki. Alisema mamilioni ya watu wanajifunza kutudharau kupitia hizi filamu. Lakini Hattie na waigizaji wenzake waliona wanasemewa bila kuulizwa, tena na mtu asiyejua njaa ya mwigizaji. Hattie anakumbukwa kwa jibu kwamba afadhali aigize mtumishi kwa mamia ya dola kuliko kuwa mtumishi kwa dola chache.

Nimesema ugomvi huu tunao. Mimi nafanya kazi na vijana, na kikundi chetu cha maigizo huitwa kila siku ya wageni. Mara nyingi wanaotuita wanakuja na mchezo tayari: mama analia, baba amelewa, msichana amekaa chini, halafu anatokea mtu mwenye fulana ya mradi, anawaokoa wote. Mwaka jana tulibishana mpaka giza likaingia. Kijana mmoja alisema tunajionyesha kama watu wasiojua kitu. Dada mmoja mwenye mtoto akamjibu, "Kaka, mimi nyumbani nalia bure. Huku nalia kwa posho, na posho inanunua unga." Yule kijana hakuwa na kosa. Yule dada pia hakuwa na kosa. Ndipo nilipoanza kuwasimulia habari za Hattie.

Maana ukitaka kumwelewa, usiangalie aproni peke yake. Angalia pesa ya aproni ilifanya nini. Hattie alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa Los Angeles ulioitwa Sugar Hill. Nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na hati zenye sharti kwamba asiuziwe wala asikae mtu Mweusi. Waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters nao waliishi mtaa huo. Majirani Wazungu wakaenda mahakamani kuwafukuza. Hattie hakuhama. Yeye na majirani zake Weusi walijipanga, wakamweka wakili Loren Miller, na mwezi Desemba 1945 jaji aliitupa kesi ya wale majirani, akisema Weusi wapewe haki zao kamili chini ya katiba. Mwaka 1948 Miller alikuwa tena kati ya mawakili wa Weusi mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Shelley v. Kraemer, ambapo iliamuliwa kwamba mahakama haziwezi kusimamia masharti ya namna ile nchi nzima. Mtu aliyeigiza mtumwa asiye na nyumba yake alisaidia kuwapa wengine haki ya kukaa kwenye nyumba waliyoinunua. Sisi ambao kiwanja cha kibanda tunaonyeshwa kwa kidole, tunajua uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1947 alipata kipindi cha redio cha Beulah. Beulah ni mtumishi wa nyumbani, tena mwanamke Mweusi, lakini kabla ya Hattie sauti yake ilikuwa inaigizwa na mwanamume Mzungu! Hattie akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuongoza kipindi chake cha maigizo kwenye redio ya nchi nzima, akilipwa dola 1,000 kwa wiki, na alikataa kuongea kwa ile lafudhi ya kuwadhihaki Weusi. Kipindi kilipohamia televisheni, aliyeanza ni Ethel Waters. Mwaka 1951 Hattie alichukua nafasi, akarekodi vipindi sita tu, akaugua. Louise Beavers akaendelea. Hattie alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 26 Oktoba 1952.

Alikuwa ameomba azikwe kwenye makaburi ya Hollywood, pamoja na watu wa filamu. Makaburi yakakataa, kwa sababu alikuwa Mweusi. Akazikwa Rosedale. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, nayo baadaye ikapotea. Mwaka 1999 makaburi ya Hollywood yaliweka jiwe la kumkumbuka, na mwaka 2023 Howard ikapewa Oscar nyingine badala ya ile iliyopotea. Mwanamke Mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, alikuwa ameipata mwaka 1991, miaka 51 baada ya Hattie. Na mwaka 2012 Octavia Spencer aliipata kwa kuigiza, tena, mtumishi wa nyumbani.

Mimi nikiulizwa nani alikuwa sahihi, White au Hattie, nasema hivi. Bila watu kama White, mlango ungebaki mmoja milele. Bila watu kama Hattie, hakuna ambaye angeingia ndani kuonyesha kwamba anaweza. Ninachokataa ni kumlaumu aliyepita mlango mdogo bila kumuuliza aliyeujenga. Na anayepita ajiulize pia: posho hii nainunulia unga tu, au kuna kidogo naweza kuweka kwa ajili ya nyumba?

Kikundi chetu bado kinaitwa siku za wageni, na yule dada bado analia vizuri kuliko wote. Lakini sasa tunaandika na mchezo wetu wenyewe, kuhusu kesi ya Sugar Hill. Hattie tumeshampata. Jaji bado tunamtafuta, na mwenye sauti nzito anakaribishwa.