Idi bila umati: Mayfair katika majira ya baridi ya mwaka 2020

Wasikilizaji walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini wakisikia habari za sikukuu za majira ya baridi, huwaza mwezi wa Disemba. Jiji la Johannesburg liko upande wa pili wa Ikweta, juu ya uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na baridi yake huja Juni na Julai. Disemba huko ni kiangazi, wakati ambapo kazi za ujenzi husimama na wakaazi wengi huondoka kwenda kwao au pwani.

Mwaka 2020 Idi zote mbili ziliangukia upande wa baridi. Idil-Fitri ilikuja mwishoni mwa Mei, baridi ilipokuwa inaanza, na Idil-Adha ikaja Julai ikielekea Agosti. Kwa Waislamu wa Mayfair, kitongoji kilicho magharibi ya katikati ya jiji, hizo zilikuwa sikukuu za kukaa ndani. Ili kufahamu uzito wa jambo hilo, inafaa kwanza kuitazama historia ya mtaa wenyewe.

Mtaa wa waliofukuzwa kwingine

Mayfair ulianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makaazi ya wafanyakazi wa kizungu, jirani na mgodi wa dhahabu wa Crown Mines. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 iliyagawa makaazi ya miji kwa rangi za watu. Katika miaka ya 1970 serikali ya ubaguzi ilipowaondoa Wahindi katika mtaa jirani wa Pageview na kuwapeleka Lenasia, kiasi cha kilomita 30 kusini ya jiji, baadhi yao waliamua kutokwenda mbali. Waliingia Mayfair kinyume cha sheria, mara nyingi nyumba zikiandikishwa kwa majina ya wazungu.

Mwaka 1982, katika kesi ya Govender, Jaji Richard Goldstone aliamua kuwa mtu aliyevunja sheria hiyo hawezi kutolewa nyumbani mwake moja kwa moja, bila mahakama kuzingatia kama ana mahali pengine pa kuishi. Uamuzi huo ulidhoofisha sana kazi ya kuwafukuza watu, na sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1991.

Mwaka huo huo utawala wa Siad Barre ulianguka mjini Mogadishu. Wasomali waliokimbia vita, baadhi wakiwa wamepitia Eastleigh jijini Nairobi au kambi za Dadaab, walisafiri hadi kusini mwa bara. Walichovutiwa nacho Mayfair ni misikiti iliyokuwapo tayari, nyama ya halali na wenye nyumba walio Waislamu wenzao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haikuwafungia kambini, bali iliwaruhusu kuishi mijini. Barabara ya Nane ikawa kitovu chao, na Waethiopia na watu wengine wa Afrika Mashariki wakafuata.

Umati badala ya jamaa

Waswahili husema mtu ni watu. Mhamiaji aliyepanga chumba peke yake hana shangazi wa kumpelekea mkono wa Idi, wala hana nyumba ya wazazi ya kurudi. Mkimbizi anayerejea katika nchi aliyoikimbia huenda akapoteza hifadhi yake, na mwenye kibali cha muda cha mwomba hifadhi haruhusiwi kuondoka na kurudi apendavyo. Kwa mtu wa namna hiyo, safu za msikitini na meza za mkahawani ndizo jamaa zake.

Umati huo pia umekuwa kinga. Machafuko dhidi ya wageni yaliyoanza Alexandra mwezi Mei mwaka 2008 yaliua zaidi ya watu 60 nchini. Katika mashambulio ya aina hiyo, wenye maduka walioporwa katika vitongoji vya pembezoni wamekuwa wakikimbilia Mayfair, palipo na wenzao.

Milango inafungwa

Usiku wa tarehe 26 Machi 2020 Afrika Kusini ilianza kufunga shughuli zake kutokana na virusi vya korona. Misikiti, makanisa na mahekalu yalifungwa, na Ramadhani ikaingia bila tarawehe za jamaa. Baadhi ya Waislamu walikwenda Mahakama Kuu mjini Pretoria kuomba ruhusa ya kusali msikitini. Tarehe 30 Aprili mahakama ilikataa, ikisema kizuizi hicho kilikuwa cha haki kwa kuzingatia hatari iliyokuwapo.

Kuanzia Juni ibada ziliruhusiwa kwa watu wasiozidi 50. Lakini tarehe 12 Julai, maambukizi yakipanda katikati ya baridi, Rais Cyril Ramaphosa alirejesha amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa tatu hadi saa kumi alfajiri, huku kutembeleana majumbani kukiendelea kukatazwa. Tarehe 1 Agosti, katika siku zile zile za Idil-Adha, idadi ya walioambukizwa nchini ilipita 500,000, na jimbo la Gauteng, lenye Johannesburg, ndilo lililoathirika zaidi. Hija nayo ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari Saudi Arabia.

Kukaa ndani hakukuwa na uzito sawa kwa wote. Familia yenye nyumba iliweza kusali sebuleni na kula pamoja. Aliyepanga chumba alibaki na simu yake. Msaada wa serikali wa randi 350 kwa mwezi haukuwahusu waomba hifadhi mwanzoni, mpaka mahakama ilipoamuru mwezi Juni wajumuishwe wenye vibali halali.

Johannesburg ilikwisha kuona amri za kuwafungia watu majumbani. Oktoba 1962 Helen Joseph, mpinzani wa ubaguzi, alikuwa mtu wa kwanza nchini kuwekwa chini ya kizuizi cha nyumbani, akikatazwa kutoka usiku, mwisho wa juma na siku za sikukuu. Amri yake ilimlenga yeye kwa sababu ya siasa zake, wala hakuwa na mahakama ya kuipinga kwa tumaini lolote. Ile ya mwaka 2020 ilihusu kila mtu, ilielezwa sababu zake, na waliotaka kuipinga walisikilizwa hata waliposhindwa.

Hali ya maafa ya taifa iliondolewa mapema Aprili 2022, siku chache baada ya Ramadhani kuanza. Idil-Fitri ya mwezi uliofuata ilikuja tena baridi ikikaribia, na safari hii aliyekuwa peke yake chumbani aliweza kutoka kwenda kupeana mkono na wenziwe.