Tuliuza Singa, Utajiri Tukaumwaga Mtoni



Msafiri wa basi atokaye Segera kwenda Tanga hahitaji kibao cha kumwonyesha kwamba amekaribia kiwanda cha mkonge. Pua humwambia. Ni harufu ya uchachu, mithili ya pombe iliyosahauliwa kwenye pipa. Nilipopita njia ile mara ya kwanza, nikiwa mwandishi mchanga, nilimwuliza mzee aliyeketi kando yangu harufu ile ni ya nini. Akanijibu, “Hiyo ni harufu ya pesa, mwanangu.” Nilicheka. Imenichukua miaka mingi kutambua kwamba mzee alisema kweli, ila hakumaliza. Ilikuwa harufu ya pesa inayotupwa.

Historia ya mkonge wetu inaanza mwaka 1893. Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, kwa kuwa Meksiko, nyumbani kwa zao hili, iliulinda mkonge wake kwa wivu mkubwa. Wako wanaosimulia kwamba miche ilifichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Hiyo tuwaachie wapenda ngano. Lililo wazi ni kwamba miche mingi ilikufa safarini, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 likatokea zao ambalo, wakati wa Uhuru, lilikuwa likiiongoza Tanganyika kwa kuipatia fedha za kigeni, na kuifanya mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani.

Kazi ilifanywa na manamba. Waliletwa kutoka Kigoma, Njombe, Burundi na Msumbiji, wakapewa namba na kipande cha kuhesabia siku. Walikata majani yenye miiba, wakayafunga mafungu, yakasombwa kwa reli ndogo hadi kwenye korona. Korona ndiyo mashine inayoponda jani, kulikwangua na kuliosha kwa maji mengi mpaka zibaki singa nyeupe, ambazo huanikwa juani, husuguliwa kwa brashi na kufungwa marobota.

Hapa ndipo ninapowaomba mnitegee sikio. Katika kila kilo 100 za majani zinazoingia kwenye korona, singa zinazotoka ni kama kilo 4. Kilo 96 zilizosalia ni makapi na majimaji. Kwa miongo mingi desturi ya viwanda ilikuwa moja: kuyasukuma makapi hayo kwa maji kupitia mtaro, hadi bondeni au mtoni. Majimaji ya mkonge yana sukari na asidi. Yakifika mtoni, vijidudu huyashambulia na kuvuta hewa ya oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Anayeishi chini ya mtaro ule hawezi kunywa wala kufulia.

Leo mkonge husifiwa kuwa zao safi, rafiki wa mazingira, kwa sababu kamba yake huoza na kurudi udongoni. Ni kweli. Lakini usafi wa kamba si usafi wa kiwanda. Bidhaa inaweza kutoka shambani, ikaoza vizuri, na bado mto uliopita nyuma ya kiwanda chake ukawa umekufa.

Wala tusiseme kwamba hakuna aliyejua thamani ya makapi yale. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitengeneza dawa ya kotisoni kwa kutumia hekojenini, kemikali inayopatikana katika majimaji ya mkonge wa Afrika Mashariki. Dawa ya kutibu watu Ulaya ilikuwamo katika kile kile tulichokiita uchafu. Ila sehemu kubwa ya majimaji iliendelea kwenda mtoni, maana singa peke yake ilikuwa ikilipa, na mwenye shibe haangalii makombo.

Shibe ile haikudumu. Mwaka 1954, huko Milan, Italia, mkemia Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta ya petroli, akitumia njia iliyofunguliwa na Mjerumani Karl Ziegler. Mwaka 1963 wawili hao wakapewa tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata, 1964, mashamba yetu yalifikia kilele chake, kama tani 230,000 za singa. Tulikuwa tukisherehekea mavuno wakati kaburi limekwisha kuchimbwa. Kamba ya plastiki ilikuwa rahisi na haikuoza, na mkulima wa Ulaya na Marekani akaipenda. Bei ya mkonge ikaporomoka.

Wengi hulaumu utaifishaji wa mwaka 1967, na siwezi kusema kwamba uendeshaji uliofuata haukuwa na makosa. Lakini bei ilikuwa imeanza kuanguka kabla ya hapo. Ninaloliona mimi ni kwamba tasnia iliyoegemea asilimia 4 ya mmea wake haikuwa na pa kushika nyingine ilipoteleza. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na pabovu petu palikuwa kwenye ule mtaro. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000, na miji mizima ya mkonge ikabaki na magofu na wazee.

Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, walichapisha kitabu kuhusu kile kinachoitwa kemia ya kijani. Kanuni yao ya kwanza ni kwamba heri kuzuia taka zisitokee kuliko kuzisafisha baadaye. Mama ntilie yeyote anaijua kanuni hiyo bila kitabu.

Jibu la Tanga lilikuja mwaka 2007, pale Hale, kwa ushirikiano wa kampuni ya Katani, serikali, UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Mazao. Makapi yaliingizwa katika matangi yaliyofungwa yasipate hewa, vijidudu vikayala na kutoa gesi ya methani, gesi ikaendesha jenereta. Mabaki yaliyotoka yakafaa kuwa mbolea. Na tukumbuke kwamba Hale ndiko kuliko na kituo cha umeme wa maji cha tangu mwaka 1964, juu ya Mto Pangani. Kumbe umeme ulikuwa ukitafutwa kwenye maporomoko, na mwingine ukimwagwa jirani tu.

Sasa plastiki nayo imechokwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko yake Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019. Mkonge unaitwa tena, na serikali ilikwisha kutaja lengo la tani 120,000 za singa kwa mwaka. Ni habari njema. Lakini tupige hesabu. Tani 120,000 za singa zinataka tani milioni 3 za majani. Makapi na majimaji yatakayosalia ni kama tani 2,880,000 kila mwaka. Mtambo mmoja wa mfano hauwezi kuyameza hayo.

Kwa hiyo kila leseni ya korona mpya, na kila mkopo wa kufufua korona kuukuu, uanze na swali moja: zile kilo 96 zitakwenda wapi? Asiye na jibu asiwashe mashine. Mara ya kwanza tulikosa gesi, mbolea na dawa, tukabaki na harufu. Mara ya pili hatutakuwa na wa kumsingizia, si Mjerumani, si Natta wa Milan.