Ukoo uliorithishana kiti cha Armagh

Armagh ni mji wa kaskazini mwa Ayalandi. Kanisa lake linamhesabu Patrick, mhubiri wa Injili wa karne ya 5, kuwa mwanzilishi wake. Ndiyo maana kiongozi wake aliitwa «mrithi wa Patrick». Cheo hicho kilikuwa na heshima kubwa, pamoja na mashamba na matoleo ya waamini.

Tangu miaka ya 960, cheo hicho kilishikwa na ukoo mmoja, Clann Sínaich. Mtawa Bernard wa Clairvaux, Ufaransa, aliandika kwamba wanane kati yao walikuwa na wake, wala hawakuwekewa mikono. Kwetu Waprotestanti, ndoa ya mchungaji si kosa. Shida ni kwamba damu ilichukua nafasi ya wito.

Mwaka 1105 alikalia kiti Cellach, mtu wa ukoo huohuo. Yeye alikubali kuwekewa mikono, akaanza kutengeneza mambo ya Kanisa. Kabla ya kufa mwaka 1129, alimchagua Malachy, mtu wa nje ya ukoo. Jamaa zake walikataa, wakamkalisha Muirchertach. Malachy alikubali kazi mwaka 1132 kwa sharti moja: amani ikipatikana, aruhusiwe kuondoka. Kwa muda wa miaka miwili hakuingia mjini, ili damu isimwagike.

Muirchertach alikufa mwaka 1134. Niall, ndugu ya Cellach, akadai kiti. Alishika vitu viwili: fimbo iliyoitwa «Fimbo ya Yesu», na Kitabu cha Armagh, chenye Agano Jipya kwa Kilatini. Bernard anasema wasio na ufahamu waliamini kwamba mwenye vitu hivyo ndiye askofu. Mwishowe Malachy alivipata. Lakini mwaka 1137, amani ilipofika, alimwachia Gelasius kiti, akaenda kutumika Down, jimbo dogo zaidi.

Fimbo ile ilichomwa moto mwaka 1538. Kitabu kingali kinatunzwa Trinity College, Dublin.

Hata leo, mchungaji akifariki, kuna mahali ambapo watoto wake wanashika muhuri na hati za kiwanja, na waamini wanagawanyika. 1 Petro 5:2-3 inawakumbusha wazee kwamba kundi ni la Mungu. Mtoto wa mchungaji anaweza kuitwa, kama mwingine yeyote. Lakini wito wake upimwe na Kanisa, wala muhuri usiwe ushahidi wake.