Waya Uliopiga Picha

  

Pengine umewahi kupigwa picha studio. Mpiga picha aliweka kamera juu ya miguu mitatu, akashika ncha ya waya mwembamba, akasema, "Tulia!" Kisha akabonyeza ncha ile. Je, kwa nini hakubonyeza kamera yenyewe? Kwa sababu kidole huitikisa kamera, na kamera ikitikisika, picha hutoka na ukungu. Waya hufanya kazi ya kidole bila kuitikisa.

Lakini waya umefanya kazi kubwa kuliko hiyo. Leo tutaona jinsi ulivyomaliza ubishi wa miaka mingi.

Watu walibishana hivi: farasi akienda mbio, je, kuna wakati ambapo kwato zake zote nne haziko chini? Wengine walisema ndiyo, wengine walisema haiwezekani. Macho ya mtu hayakuweza kuamua, maana miguu ya farasi ni myepesi mno. Kidole nacho ni kizito. Kabla hakijabonyeza, farasi amekwisha kupita.

Huko California, Marekani, tajiri mmoja mwenye farasi, Leland Stanford, alitaka kujua ukweli. Akamwita mpiga picha Mwingereza, Eadweard Muybridge. Mwezi wa Juni mwaka 1878, katika shamba la Stanford mahali paitwapo Palo Alto, Muybridge alipanga kamera 12 kwa mstari kando ya njia ya farasi. Kila kamera ilikuwa na kidirisha cha kufunguka na kufungika kwa nguvu za umeme. Kisha akatandaza nyuzi kukata njia ile, uzi mmoja kwa kila kamera. Farasi alipopita na kuugusa uzi, umeme ulipita katika waya, na kidirisha kikafunguka mara moja. Basi farasi alijipiga picha mwenyewe!

Waandishi wa magazeti walialikwa kushuhudia. Farasi jike, jina lake Sallie Gardner, alishtushwa na nyuzi zile akaruka, na mkanda wa tandiko lake ukakatika. Picha zilipooshwa, mkanda uliokatika ulionekana ndani yake. Hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba picha zilichorwa kwa mkono.

Jibu lilikuwa nini? Ndiyo, kwato zote nne huacha ardhi. Lakini si wakati miguu imenyooshwa mbele na nyuma, kama wachoraji walivyozoea kuchora. Ni wakati miguu imekunjwa pamoja chini ya tumbo. Wachoraji mashuhuri walikuwa wamekosea, na waliobishana nao hawakuwa na habari kamili.

Miaka 25 hivi baadaye, werevu huo ulitumika hata katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Mjerumani mmoja, C. G. Schillings, alitaka picha za simba usiku, katika nyika za upande wa Kilimanjaro. Nani angesimama gizani karibu na simba ili abonyeze kamera? Alimfunga mnyama wa chambo, akatega uzi. Simba alipouvuta, unga wa mwanga uliwaka na kamera ikafunguka. Picha hizo zilitoka katika kitabu chake mwaka 1905. Mizigo yake ilichukuliwa na wapagazi, nao tuwakumbuke tunapozitazama picha zile.

Basi, ndugu msomaji, ubishi haumalizwi kwa kelele. Humalizwa na mtu anayetafuta njia ya kuona.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini kidole hakikufaa kumpiga picha farasi anayekimbia?
2. Mkanda uliokatika ulithibitisha nini?
3. Taja jambo moja ambalo watu wa kwenu hulibishania. Mngelipimaje?