Kutoka Burma hadi Lindo la Eldoret

Ukitoka katikati ya Eldoret ukashika barabara ya Uganda kuelekea magharibi, utapita Huruma kabla ya kufika Turbo na Kipkarren. Leo Huruma ni mtaa wa wapangaji, mafundi na wachuuzi, ndani ya eneo bunge la Turbo. Upande huo wa nchi una historia yake ya kiaskari, na naona uchungu kwamba watoto wa hapa hawasimuliwi.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni iliwatunuku ardhi wanajeshi Wazungu. Mwaka 1919 mashamba yaligawanywa kwa bahati nasibu katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Madogo, ya hadi ekari 160, yalitolewa bure. Ili yapatikane, Kipkarren ikamegwa kutoka hifadhi ya Wanandi, ambao vijana wao nao walikuwa wamepigana katika King's African Rifles, yaani KAR. Mwaka 1923 Wanandi walipojiandaa kwa sherehe yao kuu ya kupokezana rika, serikali iliipiga marufuku na kumkamata kiongozi wao, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel arap Samoei. Alikaa kizuizini hadi 1964.

Vita vya pili vilipozuka, vijana waliandikishwa tena. Wakenya karibu 100,000 walivaa sare. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakaenda Madagaska 1942, kisha Burma. Huko, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika, matope yakiwafika magotini na chakula kikidondoshwa kwa miavuli. Desemba 1944 waliuteka mji wa Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Nishani ya juu kabisa, Victoria Cross, ilimwendea marehemu Sajini Nigel Leakey, mlowezi aliyepigana ndani ya KAR. Askari Waafrika walipewa nishani za chini yake, kama Military Medal.

Basi askari Mwafrika mwenye nishani kama hiyo akarudi kwao Uasin Gishu, upande huu wa Eldoret. Mzungu aliyetoka vita hivyo hivyo alifunguliwa mpango mwingine wa mashamba. Kiinua mgongo cha kuachishwa jeshi kilihesabiwa kwa rangi. Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika. Kwa aliyejua bunduki, gwaride na Kiswahili cha amri, mlango uliobaki wazi ulikuwa polisi. Wakamba na Wakalenjin waliotoka KAR walipendwa sana huko. Chuo cha polisi cha Kiganjo kilianza mwaka 1948, na Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, jeshi la polisi likapanuliwa harakaharaka.

Aliyejua kusoma tepe angemtambua konstebo wa namna hiyo kwa mbali. Juu ya mfuko wa kushoto wa shati la khaki kulikuwa na utepe wa buluu nzito wenye mstari mpana mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa: huo ni Burma Star. Ukiona kando yake utepe wa buluu wenye mistari mitatu myeupe na miwili myekundu, basi huyo alikuwa na Military Medal, nishani ya ushujaa mbele ya adui.

Na kazi yake ilikuwa nini? Kuilinda sheria ya nchi, na sheria yenyewe ilikuwa ya mlowezi. Sheria ya mwaka 1937 ilizipa halmashauri za wilaya, zilizoshikwa na walowezi, uwezo wa kupunguza ng'ombe wa maskwota, yaani Waafrika walioishi na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kuwaongezea siku za kazi shambani. Skwota aliyekaidi alifikishwa mahakamani, na aliyemfikisha alikuwa konstebo. Mimi simlaumu, alikuwa na watoto wa kulisha. Aliyestahili lawama ni yule aliyembandika nishani kifuani kisha akamnyima hata ekari moja ya nchi aliyoipigania.

Mpango wa Ekari Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba ya walowezi yalianza kugawiwa Waafrika. Safari hii hakukuwa na bahati nasibu ya wanajeshi. Aliyetaka shamba alilipa amana na kubeba mkopo, awe na nishani au asiwe nayo.